Ni nani hasa aliyetuma wanajeshi? Jinsi ya kufuatilia majeshi ya muungano mtandaoni

MNAMO Machi 18, 2003, siku mbili kabla ya mabomu ya kwanza kuangushwa Baghdad, Wizara ya Mashauri ya Kigeni ya Marekani ilitangaza majina ya mataifa 30 ambayo ilisema yalikuwa tayari kuiunga mkono katika vita vya kumng'oa Saddam Hussein. Iliongeza kuwa kulikuwa na mataifa mengine 15 yenye msimamo uo huo, ila hayakupenda kutajwa. Kabla ya mwezi huo kuisha, orodha iliyowekwa kwenye tovuti ya Ikulu ya Marekani ilikuwa imefikisha mataifa 49.

Msomaji wa Afrika Mashariki aliyeipitia orodha hiyo aliwaona majirani zake humo: Uganda, Rwanda, Ethiopia na Eritrea. Kenya na Tanzania hazikuwemo. Swali ambalo mtu yeyote angejiuliza ni je, wanajeshi wa Uganda na Rwanda walikuwa njiani kuelekea Iraq?

La hasha. Hakuna kikosi cha Uganda wala cha Rwanda kilichovuka mpaka kutoka Kuwait. Mataifa ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa yalipigana katika uvamizi wenyewe ni manne tu: Marekani, Uingereza iliyopeleka takriban wanajeshi 45,000, Australia iliyopeleka 2,000 hivi, na Poland ambayo kikosi chake hakikuzidi sana 200. Mengi ya yaliyosalia yalikuwa yametoa ruhusa ya ndege kupita, bandari, ahadi ya msaada wa baadaye, au kauli ya kuunga mkono na basi.

Orodha hiyo ilikuwa na mataifa yasiyo na jeshi kabisa. Costa Rica ilivunja jeshi lake mwaka 1948. Iceland haina jeshi. Palau, Micronesia na Visiwa vya Marshall hutegemea Marekani kwa ulinzi. Waziri Mkuu wa Visiwa vya Solomon wakati huo, Allan Kemakeza, alisema serikali yake haikuwa na habari kwamba imeingizwa katika muungano huo. Nayo Costa Rica iliomba jina lake liondolewe baada ya mahakama yake ya kikatiba kuamua, mnamo Septemba 2004, kwamba kuunga mkono vita hivyo kulikiuka katiba ya nchi isiyofungamana na upande wowote.

Kisa hiki ndicho somo la kwanza kwa anayetaka kufuatilia majeshi ya muungano popote duniani. Jina katika orodha ni jambo moja, na askari mwenye bunduki uwanjani ni jambo jingine. Katikati yao kuna hatua nyingi, na kila hatua ina idadi yake: idadi iliyoahidiwa, idadi iliyoidhinishwa, idadi iliyowasili na idadi iliyosalia baada ya wengine kurudi kwao. Mwanasiasa atachagua iliyo kubwa. Mwandishi mwenye haraka ataichukua aliyopewa. Mwananchi ambaye mwanawe amevaa magwanda anastahili kuijua iliyo ya kweli.

Bahati nzuri ni kwamba nyingi kati ya idadi hizo zinapatikana mtandaoni, bila malipo, kwa yeyote anayejua pa kutazama.

WALIOANZA KUHESABU

Katika vita vya Iraq, kazi ya kuhesabu ilianzishwa kwa kiasi kikubwa na watu wasiokuwa serikalini. Tovuti ya GlobalSecurity.org, iliyoasisiwa mwaka 2000 na mchanganuzi John Pike karibu na jiji la Washington, iliweka ukurasa ulioorodhesha nchi baada ya nchi, idadi ya wanajeshi wake, eneo walilopangiwa na tarehe ya kuondoka. Tovuti nyingine, icasualties.org, ilianzishwa mwaka 2003 na mtaalamu wa programu za kompyuta katika jimbo la Georgia, Marekani. Yeye alihesabu waliokufa. Kila taarifa ya kifo iliyotolewa na wizara ya ulinzi ya nchi husika iliingizwa kwenye jedwali: tarehe, nchi, mahali na chanzo cha kifo.

Njia hiyo ilikuwa rahisi, na nguvu yake ilikuwa katika urahisi huo. Kila mstari ulikuwa na taarifa rasmi nyuma yake, kwa hiyo aliyetilia shaka angeweza kwenda kuhakikisha. Kufikia mwisho wa 2009, hesabu hiyo ilionyesha wanajeshi 179 wa Uingereza na 139 wa mataifa mengine ya muungano, mbali na maelfu wa Marekani. Anayechunguza tarehe huona jinsi kifo kilivyogusa nchi ndogo kwa ghafla. Mnamo Novemba 12, 2003 Italia ilipoteza raia wake 19, wengi wao wanajeshi na askari wa kikosi cha Carabinieri, kwa bomu moja mjini Nasiriyah.

Majedwali hayo yaliweka wazi pia jinsi muungano ulivyokuwa ukiyeyuka. Uhispania, iliyokuwa na wanajeshi wapatao 1,300, iliondoka katika majira ya kuchipua ya 2004 baada ya mashambulizi ya treni mjini Madrid na mabadiliko ya serikali yaliyofuata. Honduras na Jamhuri ya Dominika, ambazo vikosi vyao vilikuwa chini ya Wahispania, zikafuata. Ufilipino iliondoa kikosi chake cha watu 51 mnamo Julai mwaka huo ili kuokoa maisha ya dereva wake wa lori aliyetekwa nyara. Japan iliondoka Samawah mwaka 2006, Italia ikamaliza mwaka uo huo. Georgia, ambayo mwaka 2007 ilikuwa imeongeza kikosi chake hadi wanajeshi 2,000, iliwarudisha nyumbani kwa haraka mnamo Agosti 2008 vita vilipozuka kati yake na Urusi.

Wakaguzi wa hesabu wa Bunge la Marekani nao walihesabu. Ripoti yao ya Mei 2007 ilisema kuwa wanajeshi wasio Wamarekani walikuwa wamepungua kutoka 24,000 mnamo Desemba 2003 hadi 12,600, na nchi zilizochangia kutoka 33 hadi 25. Kwa jumla wageni hao walikuwa asilimia 8 hivi ya jeshi zima la muungano. Ripoti iyo hiyo ilionyesha kuwa Marekani ilikuwa imetumia takriban dola bilioni 1.5 kuwasafirisha na kuwatunza wanajeshi wa baadhi ya washirika wake. Ripoti za namna hii husomeka hadi leo katika tovuti ya afisi hiyo, na kwa maoni yangu zina thamani kuliko hotuba kumi za marais, kwa kuwa mkaguzi hana haja ya kuvutia kura.

Lakini hata hesabu nzuri ina mipaka yake, na hapa turudi Uganda. Taifa hilo halikutuma kikosi, ila kuanzia katikati ya muongo huo maelfu ya Waganda, wengi wao wanajeshi wa zamani, waliajiriwa na kampuni za kibinafsi kulinda kambi za Marekani nchini Iraq. Walisimama malangoni wakiwa na bunduki, wakavumilia makombora kama wengine. Hata hivyo, hawakuhesabiwa kuwa wanajeshi wa muungano wakiwa hai, na waliokufa hawakuingia katika idadi ya vifo vya muungano. Wizara ya Leba ya Marekani huchapisha takwimu za fidia kwa wafanyakazi wa kampuni za aina hiyo, ila huzipanga kwa mwajiri na kwa nchi ambamo ajali ilitokea. Uraia wa mfanyakazi hauonekani. Basi Uganda ilikuwa katika orodha ambamo haikuwa na askari, na watu wake wakakosekana katika orodha ya waliokuwako.

ORODHA ILIYOBADILIKA KIMYAKIMYA

Kuna jambo jingine lililojitokeza baadaye ambalo linapaswa kumfanya kila msomaji wa mtandao awe macho. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Illinois, Scott Althaus na Kalev Leetaru, walichapisha uchunguzi wao kuhusu taarifa za Ikulu ya Marekani zilizotaja wanachama wa muungano wa Iraq. Waligundua kuwa baadhi ya taarifa hizo zilikuwa zimebadilishwa baada ya kuchapishwa huku tarehe ya awali ikiachwa vile vile, na nyingine zilikuwa zimeondolewa. Aliyezisoma baadaye angeamini kuwa ndivyo zilivyoandikwa tangu mwanzo.

Katika gazeti la karatasi ulaghai wa namna hiyo hauwezekani. Toleo la jana liko maktabani na kwenye duka ambapo muuzaji amefungia nyama. Tovuti haina jana, isipokuwa kama kuna mtu aliyeiwekea nakala.

Watafiti hao walifaulu kwa sababu nakala zilikuwepo. Hifadhi ya Internet Archive, iliyoasisiwa San Francisco mwaka 1996, hupita katika tovuti za dunia na kuzinakili. Tangu 2001 umma umeweza kuzisoma nakala hizo kwa huduma iitwayo Wayback Machine. Msomaji huandika anwani ya ukurasa, kisha huonyeshwa kalenda ya siku ambazo ukurasa huo ulinakiliwa. Anaweza kulinganisha ulivyosema Machi na ulivyosema Juni. Kwa anayefuatilia majeshi, hiki ndicho chombo cha kwanza kujifunza kukitumia, kabla hata ya kutafuta idadi yoyote.

Afghanistan ilikuwa na utaratibu ulionyooka zaidi. Jumuiya ya NATO, iliyoongoza kikosi cha ISAF, ilikuwa ikitoa mara kwa mara ukurasa mmoja wenye ramani ya nchi, bendera za mataifa na idadi ya wanajeshi wa kila taifa. Wakati wa kilele, kati ya 2010 na 2012, kikosi hicho kilipita wanajeshi 130,000 kutoka mataifa 50 hivi. Marekani ilikuwa na makumi ya maelfu. Luxembourg mara nyingi ilikuwa na watu kumi hivi. Wote walipewa bendera ya ukubwa uleule kwenye ukurasa. Chini kulikuwa na tanbihi kwa herufi ndogo, ikieleza kuwa idadi hizo ni za kukadiria na huenda zisilingane na waliopo uwanjani siku yoyote ile. Wengi hawakuisoma. Mwandishi anayenukuu jedwali bila kusoma tanbihi ni kama mnunuzi wa shamba asiyeuliza mpaka uko wapi.

ISAF ilimaliza kazi mwishoni mwa 2014, ikafuatwa na ujumbe mwingine mdogo hadi 2021. Kurasa hizo zimehifadhiwa, na mtu akizipanga kwa tarehe anaweza kuona vita vizima vikipanda na kushuka.

JEDWALI LA KILA MWEZI

Kwa Waafrika, hata hivyo, chanzo muhimu kuliko vyote ni jedwali la Umoja wa Mataifa (UN). Idara ya Operesheni za Amani ya UN huchapisha kwenye tovuti yake, mwezi baada ya mwezi, idadi ya walinda amani waliovaa sare kutoka kila nchi. Rekodi hizo zinarudi nyuma hadi mwaka 1990. Kuna jedwali linalopanga nchi kwa ukubwa wa mchango, kuna linalopanga kwa ujumbe, na kuna linalotenganisha wanaume na wanawake.

Ukiufungua mstari wa nchi yoyote utakuta makundi kadhaa, na ni vyema kuyatofautisha. Kuna wanajeshi wa vikosi, ambao huenda wakiwa kombania au bataliani pamoja na silaha na magari yao. Kuna maafisa wa makao makuu, ambao hufanya kazi za afisini. Kuna waangalizi wa kijeshi, ambao kwa kawaida hawabebi silaha. Na kuna polisi. Nchi inaweza kuwa na watu katika jumbe tano tofauti na bado isiwe na kikosi hata kimoja. Ina maafisa wachache tu huku na huko. Vichwa vya habari vinavyosema nchi fulani 'imetuma majeshi' mara nyingi hutokana na kutoona tofauti hiyo.

Jedwali hili husema pia mambo ambayo wanadiplomasia huyafunika. Mnamo Novemba 1, 2016 Katibu Mkuu wa UN wakati huo, Ban Ki-moon, alimfuta Luteni Jenerali Johnson Ondieki wa Kenya aliyekuwa kamanda wa walinda amani nchini Sudan Kusini. Hatua hiyo ilifuatia uchunguzi kuhusu jinsi ujumbe huo ulivyoshindwa kuwalinda raia katika mapigano ya Juba ya Julai mwaka huo. Nairobi ilikasirika na kutangaza siku iliyofuata kwamba itaondoa wanajeshi wake zaidi ya 1,000. Hasira za serikali nyingi huishia katika taarifa kwa vyombo vya habari. Za wakati huo hazikuishia hapo, na aliyetaka ushahidi hakuhitaji kumuuliza msemaji yeyote. Alihitaji majedwali ya miezi iliyofuata, ambamo mstari wa Kenya ulizidi kupungua.

Tovuti iyo hiyo ina takwimu za vifo, zilizopangwa kwa nchi, kwa mwaka, kwa ujumbe na kwa sababu: mashambulizi, ajali au ugonjwa. Inafaa pia kujua fedha zinavyokwenda. UN hailipi askari mmoja mmoja. Huirejeshea serikali yake kiwango maalum kwa kila askari kwa kila mwezi, na kuanzia Julai 2018 kiwango hicho kilikuwa dola 1,428. Serikali ndiyo huamua askari wake atapata nini. Kwa kuwa malipo hufuata hesabu ya vichwa, UN ina kila sababu ya kuhesabu vizuri, na hiyo ndiyo sababu ninaliamini jedwali lake kuliko matangazo ya wizara za ulinzi.

WASIOONEKANA

Sasa chukua jedwali hilo la UN na uwatafute Wakenya waliopigana Somalia kuanzia 2012. Hutawaona. Watafute polisi wa Kenya waliokwenda Haiti mwaka 2024. Hutawaona pia. Watafute wanajeshi wa Kenya waliofika Goma mnamo Novemba 2022 chini ya kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakaondoka Desemba 2023. Vilevile.

Hakuna njama hapo. Jedwali hilo huhesabu watu walio chini ya amri ya UN yenyewe. Ujumbe wa Somalia ulikuwa wa Umoja wa Afrika (AU). Ule wa Haiti uliidhinishwa na Baraza la Usalama lakini haukuwa wa UN. Na cha Goma kilikuwa cha kikanda. Kibali cha UN na amri ya UN ni vitu viwili, na wanaochanganya hivyo viwili huishia kusema kuwa Kenya haikuwa na watu wengi nje ya nchi katika miaka ambayo ilikuwa nao kwa maelfu.

Ujumbe wa AMISOM uliidhinishwa na UN Februari 2007 kwa Azimio 1744. Uganda ilitangulia Mogadishu mwezi uliofuata, na Burundi ikaingia mwishoni mwa mwaka. Kenya iliingia Somalia Oktoba 2011 kwa operesheni yake yenyewe, Linda Nchi, kisha ikajiunga rasmi na AMISOM mwaka 2012. Azimio 2036 la Februari mwaka huo lilipandisha kikomo cha kikosi hadi 17,731, na Azimio 2124 la Novemba 2013 hadi 22,126. Maazimio haya yote yako wazi kwenye tovuti ya UN. Lakini zingatia neno 'kikomo'. Hiyo ni idadi isiyopaswa kupitwa. Si lazima iwe imefikiwa.

Kilichokosekana ni hesabu ya waliokufa. Alfajiri ya Januari 15, 2016 al-Shabaab walivamia kambi ya KDF huko El Adde, katika eneo la Gedo. Serikali ya Kenya haikutangaza idadi kamili ya waliouawa. Mwezi uliofuata Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alisema kwenye runinga kuwa ni kati ya 180 na 200, Kenya ikapinga. Shirika la habari la CNN lilifanya uchunguzi wake na kufikia angalau 141. Mwaka mmoja baadaye, Januari 27, 2017, kambi ya Kulbiyow ilishambuliwa, na kwa mara nyingine idadi za pande mbili zikapishana mno.

Tofauti kati ya 141 na 200 si kosa la hesabu tu. Ni watu 59. Kila mmoja wao ana mama, au mke, au mtoto anayeuliza. Katika vita vya Iraq, mtu mmoja mwenye kompyuta aliweza kuweka orodha kwa sababu serikali za nchi husika zilitangaza kila kifo. Ingekuwa kazi bure kwake kujaribu jambo hilo kwa AMISOM, kwa kuwa taarifa za kuanzia hazikutolewa.

Hata hivyo, kuna milango ya nyuma. Umoja wa Ulaya (EU) ndio uliokuwa ukilipia marupurupu ya wanajeshi wa AMISOM: dola 1,028 kwa askari kwa mwezi, ambapo kwa kawaida serikali yake ilikata dola 200 hivi. Mapema 2016 EU ilipunguza fedha hizo kwa asilimia 20. Nyaraka za bajeti za EU huchapishwa, na anayegawanya kiasi kilicholipwa kwa kiwango cha askari mmoja hupata makadirio ya idadi ya wanajeshi. Si hesabu kamili, ila inatosha kumkosoa msemaji anayetia chumvi. Katibu Mkuu wa UN naye hutoa ripoti za mara kwa mara kuhusu Somalia kwa Baraza la Usalama, na humo hutajwa mashambulizi ambayo hayakufika magazetini.

Mlango mwingine uko Nairobi. Kifungu cha 240 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka Bunge liidhinishe hatua ya kutuma vikosi vya taifa nje ya nchi kwa shughuli za kulinda amani. Idhini hiyo haitolewi gizani: huja na ripoti ya kamati na mjadala unaonakiliwa katika Hansard, ambayo iko kwenye tovuti ya Bunge. Novemba 2022, wabunge walipoombwa kuidhinisha kikosi cha kwenda Congo, waliarifiwa kuwa wangetumwa wanajeshi zaidi ya 900 na kwamba miezi sita ya kwanza ingegharimu zaidi ya Sh4 bilioni. Hakuna tovuti ya kigeni ambayo ingekupa idadi hizo mapema hivyo.

Haiti ilidhihirisha jinsi vyanzo hivi vinavyopaswa kusomwa kwa pamoja. Azimio 2699 la Oktoba 2, 2023 liliidhinisha ujumbe ulioongozwa na Kenya. Bunge la Kitaifa liliafiki Novemba 16. Januari 26, 2024 Mahakama Kuu ilizuia mpango huo kwa kukosekana mkataba kati ya nchi hizo mbili, na uamuzi huo umechapishwa mtandaoni kwa ukamilifu. Mkataba ulitiwa saini Machi 1, na polisi wa kwanza wakatua Port-au-Prince Juni 25. Ujumbe ulipangiwa watu 2,500. Mapema 2025 walikuwa wapatao 1,000 kutoka nchi sita, wakiwemo Wakenya zaidi ya 700. Nchi nyingine zilizoahidi, ahadi zao zilibaki kwenye karatasi.

Afisa wa kwanza wa Kenya aliuawa huko Februari 2025. Mwezi uliofuata mwingine hakuonekana baada ya shambulizi. Uongozi wa ujumbe ulisema ametoweka, ilhali mamlaka za Haiti zilitangaza kuwa amekufa. Katika ujumbe wa UN kungekuwa na ukurasa wa takwimu ambapo, mapema au baadaye, suala kama hilo lingepata jibu moja. Septemba 30, 2025 Baraza la Usalama lilipitisha Azimio 2793 la kuubadilisha ujumbe huo uwe kikosi kipya chenye kikomo cha watu 5,550.

Anayetaka picha ya dunia nzima ana taasisi ya SIPRI ya Stockholm, ambayo hifadhidata yake ya jumbe za amani inaanzia mwaka 2000 na inajumuisha za UN, za AU na za mashirika mengine pamoja. Hapo ndipo Wakenya wa AMISOM huonekana katika jedwali moja na wale wa Sudan Kusini. Kwa mashambulizi ya ndege za muungano unaopigana na kundi la Islamic State, kuna Airwars, iliyoanza 2014, ambayo hukusanya taarifa za raia waliouawa na kuzilinganisha na kauli za majeshi. Muungano huo una wanachama zaidi ya 80, na Kenya imo, jambo ambalo huwashangaza Wakenya wengi. Uanachama huo haukumaanisha kuwa ndege za Laikipia zilikwenda Syria.

Na kama kuna anayedhani kwamba mambo ya 2003 yalikwisha, atazame Bahari ya Shamu. Desemba 18, 2023 Marekani ilitangaza muungano wa wanamaji wa kulinda meli dhidi ya Wahouthi wa Yemen na kutaja nchi kadhaa, Seychelles ikiwa miongoni. Siku chache baadaye ilisema nchi zimezidi 20, lakini baadhi hazikutaka kutajwa. Ufaransa na Italia zikaeleza kuwa meli zao zitabaki chini ya amri zao wenyewe. Uhispania, iliyokuwa imetajwa, ikasema haitashiriki. Seychelles ikafafanua kuwa mchango wake ni wa kupashana habari.

Ushauri wa mwisho ni wa kikazi. Ujumbe ukibadili jina, tovuti yake nayo huhama. AMISOM iligeuka ATMIS Aprili 1, 2022, kisha AUSSOM Januari 1, 2025, na kila mara anwani na kurasa za zamani zilikuwa hatarini kupotea. Ukikuta jedwali linalokufaa, lipakue siku hiyo hiyo, uandike tarehe kwenye jina la faili, kisha uiombe Wayback Machine iunakili ukurasa wenyewe. Huduma hiyo ina kisanduku cha kazi hiyo kwenye ukurasa wake wa kwanza, na haichukui dakika mbili.